Kilichobaki Kwenye Mtungi

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe bila fahali. Mtu akiona ng'ombe wake anawarukia wenzake na kulia tangu asubuhi, ananipigia simu, nami naufunga mtungi wangu nyuma ya pikipiki na kukata mashamba ya majani chai kutoka Ikonge hadi kwake. Ndani ya mtungi mna nitrojeni ya maji, baridi kiasi kwamba kidole kikizama humo hakitoki kizima, na ndani ya baridi hiyo vimelala vijiti vyembamba vya mbegu za mafahali ambao wengi wao walishakufa zamani. Watu huniita daktari, ingawa si daktari. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, naye huniita daktari akitaka kunitania, nami namwita mwalimu.

Naieleza kazi hii kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu. Mwanamume mwingine akiingia kliniki ya uzazi anaona mashine na makoti meupe, anamwachia Mungu yaliyobaki. Mimi niliingia nikijua mambo yanavyoweza kuharibika.

Mimba zetu za kwanza zilitunga nje ya kizazi. Mara ya kwanza walimkata mke wangu mrija mmoja wa uzazi hospitalini Kisii mjini, mara ya pili wakaukata wa pili, na nilipoingia wodini nilimkuta amegeukia ukuta. Daktari aliyemtibu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alituita ofisini kwake alipopata nafuu.

"Kizazi chako ni kizima," alimwambia. "Mayai yako yapo. Kinachokosekana ni njia." Akatueleza kwamba Nairobi wanaweza kuyavuna mayai, wakayaunganisha na mbegu zangu kwenye kisahani cha maabara, kisha kiinitete kikishaanza kukua wakakiweka kizazini.

"Kama ng'ombe," nilisema kabla sijafikiri.

Mke wangu aliangalia dirishani. Daktari akatabasamu kidogo. "Karibu sawa. Ila ng'ombe haulizi maswali."

Mama yangu anakaa boma moja na sisi. Aliposikia mirija yote imekatwa, alinijia zizini akaniita "tata", vile akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume wakiwa na jambo zito la kuomba. Aliomba nilete msichana wa kunizalia. Hakusema kwa ubaya. Alimpenda mke wangu, na alilia akisema. Nilimwambia tutajaribu kwanza Nairobi, nikamweleza namna. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na huyo mtoto atakuwa wapi kabla hajaingia tumboni?"

"Kwenye kioo, mama. Halafu kwenye baridi."

Akaziba mdomo kwa mkono.

Kabla sijafika Nairobi, ni lazima nimseme ndama mmoja. Kulikuwa na mteja wangu, mzee mwenye ng'ombe mmoja mweusi na mweupe, aliyeomba mbegu ya aina ileile ya Friziani. Nilitoa kijiti, nikasoma maandishi yake mbele yake, nikafanya kazi. Zizi lake halikuwa na tundu hata la kupitisha mbuzi. Ng'ombe alipozaa, ndama alikuwa mwekundu kutoka masikio hadi kwato. Nilichunguza upande wangu, nikauliza waliotuletea mbegu, kila mtu akasema kwake mambo yako sawa. Mahali fulani, kabla kijiti hakijanifikia, mkono wa mtu ulikosea, na maandishi yakaendelea kusema uongo kwa utulivu hadi siku ya kuzaliwa. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu ni wa nani, daktari?"

Kliniki ya Nairobi ilikuwa safi na kimya kama kanisa siku ya kazi. Mke wangu alidungwa sindano za kukomaza mayai kwa muda, akavimba tumbo, akavunwa mayai akiwa amelazwa usingizi. Vikapatikana viinitete vitatu vizuri. Mtaalamu wa maabara, dada kijana aliyefunika nywele kwa kofia ya kitambaa, alituambia kimoja kitawekwa sasa na viwili vitagandishwa. Mke wangu akaomba kuona vitakapolala. Tulisimama mlangoni, dada akafunua kifuniko, na moshi mweupe ukamwagika ukingoni na kushuka sakafuni.

Ulikuwa mtungi kama wangu, ila mkubwa. Baridi ileile, vijiti vilevile vyembamba. Nilishika fremu ya mlango. Mke wangu alinishika mkono akidhani ni furaha.

"Dada," nilisema, "vikichanganyika?"

"Havichanganyiki. Watu wawili husoma majina kwa sauti kila kinapoingia na kila kinapotoka."

"Hata sisi husoma."

Aliniangalia, akiwa hajui mimi ni nani. "Tunafanya kila tunaloweza," alisema. Lilikuwa jibu la mtu mkweli, na ndiyo sababu halikunituliza.

Kiinitete cha kwanza hakikushika. Mke wangu alianza kutoka damu akiwa shuleni, darasani, akawapa watoto zoezi la kusoma kimya na kutembea polepole hadi choo cha walimu. Aliporudi nyumbani hakulia. Alinyoosha nguo zote zilizokuwemo ndani, hata zile ambazo huwa hatunyooshi. Tuliporudi Nairobi kuwekewa cha pili, nilikaa chumba cha kusubiri nikisikiliza kupitia mlango sauti mbili zikisoma jina langu na la mke wangu, moja baada ya nyingine. Nilijaribu kuamini. Nilichokiona akilini ni ndama mwekundu akijaribu kusimama.

Kilishika.

Kuanzia hapo niliishi maisha mawili. Nje nilikuwa baba mtarajiwa. Ndani nilihesabu uwezekano. Kama kijiti hiki si chetu, chetu kiko tumboni mwa nani? Nilipomwona mwanamke mjamzito nisiyemjua Kisii mjini, amesimama mbele ya duka la vitambaa la Wahindi akichagua rangi, nilijikuta nimemkazia macho hadi mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua. Mke wangu alikuwa na kichefuchefu na furaha, na sikutaka kumwondolea hata kimoja.

Halafu maneno yakaanza. Sijui yalitoka wapi. Asubuhi moja kwenye kituo cha kukusanya maziwa, mwanamume tuliyesoma naye aliniuliza mbele ya wote, "Daktari, mwalimu ulimpa Friziani ama Airisha?" Walicheka, nami nikacheka nao, maana asiyecheka anathibitisha. Lakini baadaye mama mmoja mjane, mteja wangu wa siku nyingi, alinizuia kwenye lango lake.

"Usimguse ng'ombe wangu tena," alisema bila kuniangalia. "Wanasema unachanganya mbegu za watu na za ng'ombe."

"Nani wanasema?"

"Wanasema."

Mtu wa mbali anaweza kuona hayo ni porojo za kijiji. Kwetu neno likishaanza kuzunguka kuhusu boma la mtu, watu wazima huacha kulala vizuri. Nilipokuwa kijana niliona nyumba ya ajuza mmoja baada ya neno la uchawi kumfikia. Moto ulikuwa umeacha ukuta, na sufuria moja nyeusi. Sasa mimi nilikuwa mtu mwenye mtungi unaotoa moshi, na mke aliyepata mimba bila mirija. Nilianza kuuingiza mtungi chumbani kabla jua halijashuka, nikifunika kwa blanketi watu wasiuone.

Aliyelikata neno lile ni mama yangu, kwa namna ambayo sikuitarajia. Siku ya soko alivaa nguo zake za kanisa, akachukua kikapu cha mke wangu, akamshika mkono na kupita naye Ikonge sokoni polepole, akisimama kwa kila muuza ndizi na kila muuza viatu. Alikuwa akiwaambia, "Mkaza mwanangu ana mimba. Madaktari wamemsaidia. Mwenye swali aniulize mimi, nipo." Hakuna aliyeuliza. Mtu kumcheka daktari wa ng'ombe ni rahisi; mama wa kanisa aliyezika mume na watoto wawili hachekwi. Mke wangu aliniambia mama hakumwachia mkono njia nzima.

Mtoto alizaliwa Kisii mjini, msichana, na kilio chake nilikisikia nikiwa ukumbini. Nilisimama nikimshukuru Mungu, kisha nikaona wauguzi wanakimbia. Mke wangu alikuwa akivuja damu isiyotaka kusimama. Daktari yule wa sauti ya chini alitoka mara moja kuniambia kwamba wanakitoa kizazi, hakuna njia nyingine, na akarudi ndani kabla sijafungua mdomo.

Mambo mawili ya kutisha yalinipata saa ileile, na naona haya kusema ni lipi lililonitawala. Damu ya mke wangu ni ya kundi O hasi, na watoto wa akina mama wa namna hiyo hupimwa damu wanapozaliwa. Yangu pia ni O, ila chanya. Niliyoyasoma shuleni na kazini yalinitosha kujua kwamba wazazi wawili wa O hawazai mtoto wa A wala wa B. Mke wangu akiwa bado mezani, mimi nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la maabara nikiitazama mikono ya kijana anayepima, nikiwa nimeshamtajia kundi langu.

"O," alisema hatimaye. "Chanya, kama yako."

Niliegemea ukuta. "Kwa hiyo ni wangu?"

Alishangaa. Pengine alidhani namshuku mke wangu. "Mzee, kipimo hiki kingeweza kukukataa," alisema kwa upole. "Hakiwezi kukuthibitisha. Watu wa O ni wengi."

Mke wangu aliishi. Mama alimpokea mtoto mikononi, akamtazama sana, akampa jina la mama mkwe wake aliyefariki, kama ilivyo desturi yetu kuwaita waliotangulia ndani ya wanaozaliwa. Alilitaja lile jina, mtoto akafungua macho. Wote walifurahi. Mimi sikuweza kufurahi nao. Tulikuwa tumemwita nyanya wa ukoo wetu, na sikujua kama tumemwitia kwenye nyumba yake.

Miezi ikapita. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa. Nilimpenda, na upendo wenyewe ulizidi kunitisha, kwa sababu sasa kulikuwa na cha kunyang'anywa. Nilikuwa nikimwogesha nimegeuza sikio lake kwenye mwanga wa dirisha, nikilinganisha na langu kwenye kioo, niliposikia mke wangu nyuma yangu.

"Unatafuta nini?"

"Uchafu."

"Daktari." Hakuwa ananitania. "Unatafuta nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za mzee na ndama mwekundu, za sauti mbili nyuma ya mlango, za dirisha la maabara. Alikaa kwenye kigoda akamfunika mtoto kwa taulo.

"Nilijua tangu siku ya mtungi," alisema. "Mkono wako ulikuwa barafu. Nilingoja useme."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini, kwamba huyu si wangu? Huyu amenitoka mwilini akaniachia kovu. Mimi naogopa yule mwingine. Kama walikosea, kuna mtoto wangu mahali ananyonyeshwa na mtu, na simjui hata jina."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tukilala kitanda kimoja na hofu mbili tofauti.

Wakati huohuo kliniki ilikuwa ikitupigia simu kuhusu kiinitete cha tatu. Walitaka kujua tunataka nini: kiendelee kuhifadhiwa, kipewe mume na mke wengine, kiachwe kiyeyuke, au kitumike maabara katika utafiti. Kukiweka kwa mke wangu haikuwezekana tena. Na ni yeye aliyesema jambo ambalo mimi, pamoja na ujuzi wangu wote wa mitungi, sikuwa nimeliona.

"Hatuwezi kuamua juu ya kile bila kujua juu ya huyu. Tusije tukatoa cha watu."

Basi tukapima vinasaba, sisi watatu. Muuguzi alipitisha pamba ndani ya shavu la mtoto, naye akadhani ni mchezo. Siku za kungoja nilifanya kazi vibaya. Nilimsahau mteja wa Marani aliyetoka mbali kunitafuta, na mara moja nilisimamisha pikipiki njiani nisijue ninakokwenda. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Mungu kwamba jibu likiwa baya nitanyamaza, sitamrudisha, sitamtafuta mtu. Halafu namkumbuka mke wangu na yule mtoto wake asiye na jina, najua kunyamaza hakutawezekana.

Jibu lilikuja kwamba ni wetu, wa kwangu na wa kwake. Mke wangu alipiga magoti sebuleni. Mimi nilitoka nje nikaegemea mti wa parachichi.

Nilidhani hofu ingeishia pale. Ilihama tu. Maana sasa kile kilichobaki nacho kilikuwa chetu hakika, ndugu wa huyu anayevuta mkia wa paka jikoni.

Tulikizungumza kwa muda mrefu, mara nyingi tukiwa tunachuma chai, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno hutoka. Kukitoa kwa mtu mwingine, mke wangu hakuweza. "Nitatembea Kisii nikikagua watoto wa watu, kama wewe," alisema. Kukiacha kilale milele kwenye baridi ndiko nilikoshindwa mimi. Najua mitungi. Najua nitrojeni hupungua yenyewe kila siku, na lazima kuwe na mtu wa kukumbuka kuijaza. Nilijiona nimezeeka, nimekufa, na kile bado kinangoja mtu akumbuke.

Tulirudi Nairobi kumwona yule dada wa maabara. Mke wangu aliuliza maswali kama anayesahihisha mtihani.

"Mkikichukua kwa utafiti, mtakifanyia nini?"

"Tutakiyeyusha na kukitazama kikikua. Tunataka kujua kwa nini vingine husimama, kama kile chenu cha kwanza. Hakiwekwi kizazini kwa mtu. Na hakipitishwi wiki mbili. Huo ni mpaka tunaoufuata."

"Kwa nini wiki mbili?"

"Kabla ya hapo hakijaanza hata kuonyesha wapi patakuwa mgongo."

"Kitasikia maumivu?"

"Hapana. Hakina mishipa ya fahamu. Hilo naweza kukuambia kwa uhakika."

"Ni mtu?"

Dada alivua kofia yake ya kitambaa, akaishika mapajani. "Hilo siwezi kukuambia, mwalimu. Naangalia vingi kila wiki, na swali hilo si wewe wa kwanza kuniuliza. Sheria nayo bado haijatulia. Ukiniambia ni mtu, sitabishana nawe. Nitakiacha."

Mke wangu alinitazama. Nilitaka aamue yeye, na niliona anataka niamue mimi. Mwishowe alisema, kwa sauti ya darasani, "Kichukueni. Mtu asije akatokwa na damu mbele ya watoto bila kujua sababu." Kisha akaomba kukiona.

Kilipoyeyushwa tulipewa zamu kwenye hadubini. Nilitegemea nukta. Niliona duara linalong'aa, lenye vyumba vidogo vimebanana, na vile vilivyokuwa vimesinyaa kwa baridi vilianza kufura polepole, vikichukua maji. Kilikuwa hai. Nimeona mbegu za mafahali zikiogelea maelfu kwa maelfu na sijawahi kushtuka. Hapo nilirudi nyuma nikagonga kiti. Mke wangu alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko mimi.

Tulifika nyumbani mchana wa siku iliyofuata. Mama alikuwa uani na mtoto mgongoni, amefua nguo zetu zote na kuzianika. Kwenye kochi la sebuleni alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na jikoni sufuria ya uji wa wimbi ilikuwa ikichemka, uji ule anaompikia mwanamke aliyetoka kujifungua. Alitutazama mikononi, kisha nyuma yetu, njiani.

"Mmerudi wawili?" aliuliza.

Nilijua hapo kwamba nilimweleza vibaya. Nilimwambia tunakwenda kumaliza habari za yule aliyebaki, naye akaelewa tunakwenda kumchukua.

Mke wangu ndiye aliyejibu, akimpokea mtoto kutoka mgongoni kwake.

"Tumemwacha huko, mama. Na madaktari."

Mama alisimama na kanga tupu mkononi. "Yuko hai?"

"Tulipoondoka, ndiyo."

Aliikunja ile kanga mara nne, akaingia jikoni, akaepua uji. Alitumiminia sisi wawili, akangoja hadi tukamaliza. Hajaliuliza tena jambo hilo. Lakini akiomba kabla ya chakula huwataja wajukuu wake, na baada ya jina la binti yetu hukaa kimya kidogo, macho yamefumbwa, kabla hajasema amina. Mimi hukodoa macho kwenye sahani na kungoja, nikiogopa kwamba siku moja atampa jina.